Shajara ya Voksi: kufufua gari langu la kwanza

Januari, wiki ya pili

Gari limefika Kisumu. Limekuja juu ya lori la mchanga lililokuwa linarudi tupu kutoka Majengo, nyumbani kwetu Maragoli, na dereva alipunguza bei alipogundua kwamba nilimfundisha dada yake. Vijana wa pale nyumbani walilisukuma hadi kwenye tuta la udongo kando ya barabara, lori likarudi nyuma taratibu mpaka likagusa tuta, tukaliingiza. Maragoli hukosi kilima cha kukufanyia kazi ya kreni.

Kwa atakayesoma haya bila kunijua: gari lenyewe ni Volkswagen Beetle 1300, yaani Voksi, la mwaka 1969, rangi ya samawati iliyopauka. Nililinunua 1997 kwa mkopo wa SACCO ya walimu, mwaka ule ule wa mgomo mkubwa wa walimu, nikiwa wa tatu au wa nne kulimiliki. Lilinitumikia miaka yangu yote ya Vihiga. Nilipopata uhamisho nikapata na gari jingine, hili likabaki nyuma ya jikoni kwa mama, chini ya mparachichi, "kwa muda tu." Mama ameshatangulia mbele za haki, mparachichi umekatwa, na mimi nimestaafu. Muda ninao. Pesa ni za kuhesabu.

Fundi nimempata karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu, mzee mwenzangu ambaye amewahi kuzishika Voksi nyingi wakati zilipokuwa bado zinajaa mjini. Nimempa sharti moja: silitaki gari jipya, nataka lile lile. Liwake, lisimame linapoambiwa lisimame, lisilowe ndani mvua ikinyesha. Mengine yabaki yalivyo.

Akalizunguka, akapiga mlango teke dogo, kutu ikamwagika chini kama unga wa wimbi.

"Mwalimu," akasema, "lile lile ndilo hili."

Januari, mwishoni

Kabla ya kitu kingine chochote, feni.

Vijana wa siku hizi wakifungua nyuma ya gari hili huuliza rejeta iko wapi. Haiko. Injini inapozwa kwa hewa: mkanda mmoja unazungusha dainamo, na kwenye mhimili wa dainamo hiyo hiyo kuna feni iliyofichwa ndani ya sanduku la bati, inayosukuma hewa kushuka juu ya mapezi ya silinda zote nne. Hewa ikizibwa, silinda hupika. Inayotangulia kuungua ni ya tatu, kwa sababu kwenye injini za umri huu kipoza oili kimesimama ndani ya sanduku hilo hilo, juu yake, kwa hiyo hewa inayoifikia ni kidogo na tayari imeshapashwa moto. Ndiyo maana fundi alimkataza kabisa mwanagenzi wake kugusa swichi. "Gari lililolala," alimwambia, "huliwashi kwanza. Unaliuliza kwanza nani amekuwa akiishi humo."

Waliokuwa wakiishi humo ni panya. Tulipolitoa sanduku la feni tulikuta kiota kilichojaza nafasi yote upande wa silinda ya tatu na ya nne: maganda ya mahindi, pamba ya kiti cha nyuma, majani ya mparachichi, na kipande cha karatasi ya mtihani wa Kidato cha Pili chenye wino wangu mwekundu. Jina la mwanafunzi lilikuwa limetafunwa. Maneno yangu hayakuguswa: "Rudia insha."

Mwanagenzi alitaka kukitupa kipande hicho. Nimekitia kwenye bahasha ya risiti.

Februari, mwanzoni

Injini imetoka. Hili ndilo jambo lililowafanya watu walipende gari hili kule vijijini ambako gereji ilikuwa ni kivuli cha mti: injini nzima imeshikiliwa na bolti nne tu. Unachomoa nyaya, waya wa aksilireta, mpira wa petroli, unaweka jeki chini, unafungua bolti, unavuta nyuma, unashusha. Fundi na kijana wake walimaliza kabla chai yangu haijapoa, na nusu ya muda huo waliutumia kubishana na bolti moja ya chini iliyoshikwa na kutu.

Pistoni zilikuwa zimegoma. Tulimimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye matundu ya plagi, tukaiacha ilale humo siku kadhaa. Fundi alikuwa akija asubuhi, anaweka spana kwenye puli kubwa ya injini, anaisukuma kidogo tu, bila nguvu, kisha anaenda zake kwenye kazi nyingine. Hakuwahi kuipiga nyundo. Alhamisi ikasogea upana wa kucha. Ijumaa ikazunguka.

Nimetaja nyundo kwa sababu nimewahi kuona mtu akivunja ringi za pistoni za injini nzima kwa haraka zake, na gari halikuwa lake.

Februari, katikati

Vipuri. Kisumu hapana, isipokuwa plagi, mkanda na oili. Kila kitu kingine ni Nairobi, Kirinyaga Road, ambako unamwambia muuza spea unachotaka kwenye simu, anakutumia picha, unalipa kwa M-Pesa, na mzigo unapanda basi la usiku. Asubuhi nilikuwa stendi nikipokea boksi lenye ringi, gasketi, na mipira ya yale mabomba manane yanayopitisha fito za kusukuma valvu. Mipira hiyo ikikauka, oili inadondoka chini ya gari usiku kucha. Zamani ungeweza kujua ni mwalimu gani amepata Voksi kwa kuangalia doa kwenye uwanja wa shule.

Nusu ya vipuri vimeandikwa Brazil. Si ajabu. Kule waliendelea kulitengeneza hadi 1986, wakaacha, wakalirudia tena 1993 hadi 1996, na Mexico wakaendelea mpaka Julai 2003, kiwanda cha Puebla. Yote kwa jumla yalipita milioni 21. Ndiyo maana gari la 1969 linapata ringi mpya leo, huku dada yangu akizunguka mji mzima kutafuta taa ya gari lake la juzi.

Mwanagenzi aliuliza kama ni kweli gari hili liliwahi kushinda Safari Rally. Fundi alijibu kwa hasira ya mtu aliyetukaniwa ukoo. Safari ilipoanza 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, Beetle ilikuwemo na ikang'ara. 1954 ikashinda, 1957 ikashinda, na 1962 ikashinda tena mikononi mwa Tommy Fjästad. Kijana akauliza kama leo linaweza kushindana kule Naivasha. Fundi akamwambia ashike msasa aendelee na kazi.

Machi

Mwezi huu wote ni wa sakafu.

Betri ya Beetle inakaa ndani, chini ya kiti cha nyuma. Miaka na miaka asidi ilidondoka taratibu kwenye bati, na unyevu wa Maragoli ukamalizia. Fundi wa bodi, ambaye ni mtu mwingine kabisa na mwenye maoni yake, aliinua kiti, akaondoa betri, akasukuma bisibisi chini. Ikapita. Akaisogeza kidogo, ikapita tena. Kwa kifupi upande ule wa nyuma haukuwa sakafu, ulikuwa rangi iliyokuwa ikijidanganya kuwa sakafu.

Yeye anasema kilichoozesha gari ni ziwa. Anakumbuka, kama ninavyokumbuka mimi, jinsi tulivyokuwa tukiyapeleka magari Lwang'ni, unaingia majini mpaka maji yanafika katikati ya tairi, vijana wanakuoshea kwa ndoo huku unangoja samaki wako akaangwe. Jumapili ukifika umechelewa huna pa kusimama. Nilikuwa nikitoka Vihiga na familia, naegesha Voksi ndani ya Victoria, tunakula, tunarudi jioni gari likinuka samaki na sabuni. Leo najua kwamba oili yote ile ilikuwa ikienda kwenye maji yale yale tunayokunywa, na sioni fahari yoyote katika hilo. Lakini kuhusu kutu simkubalii. Ziwa letu si la chumvi. Kilichokula gari hili ni matope ya barabara za ndani yaliyojibana ndani ya madigadi na chini ya milango, yakakaa humo na unyevu wake masika baada ya masika. Tulipochokonoa madigadi ya nyuma tulitoa udongo mwekundu wa kujaza karai.

Na udongo ule naujua. Ni wa mvua za El Niño.

Nilikuwa na gari kwa miezi michache tu mvua zile zilipoanza, mwishoni mwa 1997. Zilinyesha mpaka mwaka mpya. Madaraja yakaenda, lami ikameguka, barabara za udongo zikawa uji. Shule yangu ilikuwa juu, na kijia cha kupanda kilikuwa kimeshaangusha matatu zote. Abiria walikuwa wakishushwa chini, wanavua viatu, wanapanda kwa miguu. Voksi ilipanda. Si kwa ushujaa wangu. Injini iko nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo uzito wote unakandamiza matairi pale pale yanapohitaji kuuma, na tumbo la gari chini ni bati bapa linaloteleza juu ya tope badala ya kunasa. Unaweka gia ya kwanza, hukanyagi mafuta kwa fujo, unaliacha lipumue lenyewe kwenda juu. Nilimbeba naibu wa mwalimu mkuu, magunia ya unga wa chakula cha mchana, siku moja hata kengele ya shule iliyokuwa imeenda kuchomelewa. Wazazi walianza kujua saa kwa mlio wangu: Voksi ikipita kwa mara ya kwanza, mtoto ambaye bado hajatoka nyumbani amechelewa.

Jambo jingine la kipindi kile: mizigo. Kina mama wa soko la Luanda, kule kule Vihiga, walinizoea, lakini wageni kila mara walizunguka nyuma ya gari na kuku wao, wafungue buti wakutane na injini. Buti iko mbele. Na tairi la akiba, ambalo pia liko mbele, ndilo linalorusha maji ya kioo: kuna mpira mwembamba unaotoka kwenye valvu ya tairi hadi kwenye chupa ya maji, na upepo wa tairi ndio unaoyasukuma maji. Msimu wa matope kioo kilikuwa safi na tairi la akiba halikuwa na upepo.

Narudi kwenye kazi. Fundi wa bodi amekata sakafu yote ya nyuma na robo ya upande wa dereva, amekunja bati jipya la geji 18, amelichomelea, na kabla ya kupaka rangi ya kuzuia kutu amepitisha kidole kila mahali penye moto, akitafuta tundu. Njia za hewa ya moto zilizopo chini ya milango pia zilikuwa zimeoza. Mimi nilisema zisishughulikiwe, nani anahitaji hita Kisumu? Akanieleza, bila kuniheshimu sana, kwamba zile njia ndizo mifupa ya bodi; bila hizo milango itaanza kugoma kufunga kila gari likipita kwenye tuta. Zimetengenezwa. Hela zilizokuwa za viti zimeishia hapo.

Chini ya betri mpya ameweka ubao na mpira, na juu yake kifuniko. Kifuniko ni cha lazima. Kiti cha nyuma kina springi za chuma, na mtu mnene akikaa springi zikigusa vichwa vya betri, moto unaanza ukiwa unaendesha. Marehemu mama alikuwa akikaa huko nyuma tu, peke yake, hata kiti cha mbele kikiwa wazi, kwa sababu alisema mbele ni mahali pa utingo. Mshipi wa mwavuli wake bado umefungwa kwenye mpini wa kando ya dirisha. Fundi wa bodi aliuliza kama autoe.

Ubaki.

Aprili

Breki: silinda za magurudumu zote nne zimekwama, zimebadilishwa, mabomba ya chuma mapya, dramu zimesuguliwa. Shughuli chafu isiyo na hadithi. Mvua imetupotezea siku nyingi kwa sababu pale gereji paa ni turubai.

Mei, mwanzoni

Injini imerudi mahali pake ikiwa na ringi mpya na sanduku la feni lililosafishwa mpaka likaonekana bati. Fundi alipima tapeti, yaani mwanya wa valvu, kwa milimita 0.15, injini ikiwa baridi kabisa, akitumia kile kipimo chenye majani ya chuma ambacho amekifunga kwa kitambaa kama hirizi. Pointi za distributa milimita 0.4. Oili lita mbili na nusu, basi, hakuna zaidi. Na hakuna filta ya kisasa, kuna kichujio cha waya tu chini ambacho hufunguliwa na kuoshwa kwa petroli.

Kabureta ndiyo iliyotuchelewesha. Ni Solex, ina tundu dogo la petroli ambalo lilikuwa limezibwa na gundi ya petroli iliyokauka humo miaka yote. Fundi hakulichokonoa kwa waya. Alisema waya ukilipanua kidogo tu, gari litakunywa petroli kama harusi. Alilichemsha, akalipuliza, akaliangalia kwenye mwanga wa jua, akalipuliza tena.

Hapa nikakumbuka safari za Nakuru. Kisumu iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari; ukitoka hapa, ukapita Ahero na Awasi, ukaanza kupanda Kericho mpaka Mau Summit, hewa inapungua lakini kabureta haijui, inaendelea kumimina petroli ile ile. Gari linakuwa zito, linatoa moshi mweusi, ukifungua plagi unakuta masizi. Nilikuwa nikisimama Londiani, nazungusha skrubu kidogo, nikishuka Salgaa nairudisha. Ila kwenye mlima huo huo, malori na matatu yalikuwa yamejipanga pembeni boneti juu, matanboi wakikimbia na madebe kutafuta maji, na mimi nikipita polepole na injini ambayo haina maji ya kuchemka. Sikuwahi kupata furaha ya kuyapita magari makubwa isipokuwa pale. Nilikuwa nikiwapungia mkono. Mke wangu alikuwa akisema ni ushamba.

Ilikuwa Jumamosi ilipowaka. Ilikohoa, ikazima, ikakohoa, kisha ikashika, na mlio ule wa kukereza ukajaa gereji nzima. Kuna mama anayeuza chai mbele ya gereji, alisimama akauliza, "Hiyo ni Voksi ama masikio yangu?"

Silinda zote zinapiga. Ya tatu joto lake ni sawa na za wenzake kwa mkono. Fundi anataka kupima kwa kipimo. Nimesema tungoje barabara.

Juni. Mgogoro wa rangi

Fundi wa bodi na binti yangu wameungana dhidi yangu.

Binti anafanya kazi Nairobi na ameona kule jinsi Beetle zinavyokodishwa kwa maharusi, zimepakwa rangi ya maziwa, bampa za kroemu zinang'aa, utepe mwekundu kwenye boneti. Amenitumia picha. "Baba, hilo gari litakulipa gharama zote." Fundi wa bodi alipoziona picha alikuwa upande wake kabla hajamaliza kuzitazama. Anataka kunyoosha kibonyeo cha madigadi ya kushoto, akwangue gari zima mpaka chuma, aweke fila, apulize rangi mpya.

Kibonyeo hicho kilipigwa na fahali wa mnada wa Luanda, 1998, mchana kweupe, nikiwa nimesimama kumpisha. Mwenye ng'ombe alinilipa kwa ndizi. Sitaki kinyooshwe. Na kwenye dashibodi, upande wa abiria, kuna herufi moja iliyochorwa kwa pini, imegeuzwa kinyumenyume kama mtoto anavyoandika akianza chekechea. Aliyeichora ni binti huyu huyu anayeniambia sasa ifutwe kwa sababu itaharibu picha za harusi. Niliipiga picha herufi hiyo nikamtumia bila maneno. Hajajibu mpaka leo, ila hajarudia kusema ifutwe.

Bado sehemu zilizochomelewa lazima zipate rangi, la sivyo kutu itarudi kabla ya Krismasi. Kwa hiyo ilibidi tupeleke sampuli kwa mchanganya rangi. Na hapa kuna jambo: gari lina samawati mbili. Ukiinua mpira wa mlango utakuta rangi ya kiwandani, nzito, ya mwaka 1969, haijaona jua. Kwenye mlango wenyewe kuna ile iliyopauka. Mchanganya rangi alichukua zote mbili, akasema kwa uhakika wa kitaaluma kwamba rangi sahihi ni ile ya chini ya mpira. Fundi wa bodi akaunga mkono. Hata fundi wa injini, ambaye mambo ya rangi hayamhusu, akaunga mkono.

Nimechagua ya mlangoni. Rangi ya kiwandani sijawahi kuiona mimi. Gari lilipofika mikononi mwangu lilikuwa limeshapauka, na hiyo ndiyo samawati niliyokuwa nikiitafuta kwa macho kila nikitoka darasani jioni. Kwa mchanganya rangi ilikuwa kazi ngumu zaidi, maana kutengeneza rangi iliyochakaa si sawa na kufungua kopo. Aliongeza nyeupe, akaongeza kijivu kidogo, akapaka kwenye kipande cha bati, akakiweka juani, akarudi baada ya chakula cha mchana akaongeza tena. Mwishowe aliweka kipande kile juu ya mlango na mimi sikuona kilipoishia.

Fundi wa bodi amepuliza sehemu za chini tu na sakafu. Amesema asitajwe kwa jina mtu yeyote akiuliza nani amepaka. Basi simtaji.

Juni, mwishoni

Barabara. Mamboleo hadi Majengo na kurudi, fundi akiwa pembeni yangu ameshika spana mkononi muda wote, sijui alitaka kumpiga nani.

Mlima wa kutoka Mamboleo lilipanda kwa gia ya tatu mpaka nusu, kisha ya pili. Klachi inashika juu mno, itarekebishwa. Waipa ya kushoto haifiki mwisho. Breki zinavuta kulia kidogo. Honi inalia ukikata kona kushoto hata kama hukuigusa, jambo ambalo boda wa Kiboswa walilipokea vibaya. Milango inafunga kwa kidole kimoja kama tu madirisha yamefunguliwa kidogo. Yakiwa yamefungwa yote, hewa ya ndani inausukuma mlango nje na lazima uubamize. Ndivyo lilivyokuwa hata zamani.

Tulisimama nyumbani. Jirani wa mama, bibi mkongwe, alisikia mlio akatoka na fimbo yake mpaka kwenye ua. Hakuuliza habari za gari. Aliniuliza kama nimeleta unga.

Oili haikudondoka tulipokuwa tukinywa chai. Fundi aliinama mara mbili kuhakikisha, kisha akaanza kuonekana kama mtu aliyepoteza hoja.

Julai, mwanzoni

Binti amepata harusi ya kwanza, ya rafiki yake, Agosti, hapa hapa Kisumu. Amekubali gari liende na kibonyeo chake. Bwana harusi ndiye aliyekipenda. Anasema wengine wote wana gari la rangi ya maziwa. Malipo ni ya petroli na chakula cha dereva, na dereva ni mimi.

Kilichobaki kabla ya hapo: kurekebisha klachi, waipa, honi, mipira mipya ya milango ikifika kutoka Nairobi. Viti vitangoja. Oili ya mwanzo inamwagwa baada ya kilomita 500 kwa sababu ya ringi mpya, kichujio kioshwe, tapeti zipimwe upya. Fundi ananitaka Jumatatu alfajiri na amesisitiza nisithubutu kuliendesha asubuhi hiyo, hata kutoka nyumbani Milimani tu, kwa sababu tapeti hazipimwi injini ikiwa na joto. Kwa hiyo Jumapili jioni nitalipeleka Kibuye, nimwachie mlinzi ufunguo, na kurudi nyumbani kwa boda.